Maswali ya Wasomaji: Pesa ya nyumba imekatwa, sasa nani alale wapi?

Mwezi uliopita niligusia makato ya chumba hapa Uingereza, yaani pale mpangaji wa kaunsili au wa chama cha nyumba anapoambiwa ana chumba cha ziada, kisha pesa yake ya nyumba inapunguzwa: asilimia 14 kwa chumba kimoja, asilimia 25 kwa viwili au zaidi. Barua zimekuja fungu zima. Nimechagua chache. Majina nimeyaondoa na mitaa pia, maana huku ugenini tunajuana sana.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa Pangani, na kabla ya kazi hii ya kujibu barua nilikaa miaka mingi kwenye dawati la kodi la kaunsili moja ya London. Nilikuwa pale Aprili 2013 makato haya yalipoanza. Watu walikuja na mifuko ya supamaketi iliyojaa bahasha ambazo hazijafunguliwa, wakaimwaga kaunta na kusema, "Nisomee wewe, mimi naogopa." Wengi wao walikuwa wagonjwa au wenye kuuguza. Kwa wageni wa majina haya: Universal Credit ni posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na pesa ya nyumba imo ndani yake; PIP ni posho ya ulemavu ya watu wazima, na DLA ni ya watoto. Basi tuanze.

*

*Shikamoo dada. Mume wangu ana miaka 61. Alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto wote haufanyi kazi. Tuko kwenye flati ya vyumba viwili ya chama cha nyumba. Hospitali ilimpa kitanda kile cha kupanda na kushuka kwa umeme, na mashine ya kumnyanyulia. Chumbani humo hakuna pa kutandika hata mkeka. Mimi, miaka 54, nalala chumba cha pili. Tangu tuhamishiwe Universal Credit wanatukata asilimia 14, na kodi yetu ni pauni 140 kwa wiki. Nilipopiga simu, kijana akaniambia mume na mke ni chumba kimoja, ndiyo sheria. Mume wangu anapata PIP. Deni la kodi linapanda na barua za kutishia zimeanza. Nimefikiria kuhama, lakini niende wapi? Bafu hili walilivunja wakalijenga upya kwa ajili yake. — Mwenye kuuguza, London*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa kukesha.

Kijana wa simu alikusomea nusu ya sheria, ile nusu inayokata. Nusu ya pili ni kwamba tangu tarehe 1 Aprili 2017, mume na mke wasioweza kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wao wanahesabiwa vyumba viwili. Hilo halikuletwa na huruma ya waziri yeyote. Jacqueline Carmichael, mwanamke wa Southport aliyezaliwa na mgongo wazi, alikuwa na kitanda maalumu kama cha mumeo, na mumewe hakuwa na pa kulala ila chumba cha pili, kama wewe. Nao walikatwa asilimia 14. Kesi ilipanda mahakama hadi mahakama mpaka ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 9 Novemba 2016 majaji wakasema makato yale ni ubaguzi usio na sababu ya maana. Siku hiyohiyo walishinda pia babu na bibi wa Pembrokeshire, akina Rutherford, waliokuwa na chumba cha wahudumu wanaokuja kulala ili kumtunza mjukuu wao mlemavu. Ndipo serikali ikabadili kanuni. Kwa hiyo usiandike kama mtu anayeomba sadaka. Unadai jambo ambalo limekwisha kuamuliwa.

Masharti ni mawili. La kwanza, mumeo awe anapata PIP ya shughuli za kila siku. Fungua barua yake ya PIP uangalie: kuna sehemu ya shughuli za kila siku na sehemu ya kutembea, na inayohesabika hapa ni ile ya kwanza. La pili, iwe hamuwezi kulala pamoja kwa sababu ya hali yake, si kwa sababu anakoroma. (Usicheke. Nimewahi kuandikiwa hivyo.)

Simu achana nayo. Ingia kwenye ukurasa wako wa Universal Credit, pale pa kuandikiana na maafisa, uandike kwamba unaomba Mandatory Reconsideration ya uamuzi wa vyumba. Hilo ndilo jina lao la kurudia uamuzi kabla ya rufaa, na ukilitaja hawawezi kujifanya hawakuelewa. Kisha ueleze usiku wako. Maafisa hawa hawajaiona nyumba yako. Wanachokiona ni neno "wanandoa" na tarakimu 2. Wape chumba chenyewe. Mimi ningeandika hivi, kisha mwanao au jirani aweke kwa Kiingereza:

"Mume wangu analala kwenye kitanda cha hospitali. Kando yake lazima ibaki nafasi ya kuzungusha mashine ya kumnyanyua. Namgeuza saa nne usiku, saa nane na alfajiri ili asipate vidonda. Kitanda hakitoshi watu wawili, na chumbani hakuna nafasi ya kitanda cha pili. Kwa hiyo mimi hulala chumba cha pili kila usiku. Naomba tuhesabiwe vyumba viwili tangu madai yetu yalipoanza."

Chukua futi ya fundi, pima chumba, pima kitanda, vipimo uvitie humo. Piga picha ukiwa umesimama mlangoni, kitanda na mashine vyote vionekane. Mwombe nesi anayekuja nyumbani, au yule mtaalamu aliyeleta mashine, akuandikie mistari mitatu. Inatosha. Nimeona watu wakisubiri barua ndefu ya daktari bingwa hadi muda wao ukapita.

Na muda una mipaka. Ombi la kurudia uamuzi linatakiwa ndani ya mwezi mmoja. Ukichelewa, unaweza kuomba hadi miezi 13 kwa kueleza kwa nini umechelewa, na kuuguza mtu wa kiharusi pamoja na kupewa jibu lisilo sahihi kwa simu ni sababu nzuri kabisa. Taja tarehe ya simu ile kama unaikumbuka. Wakikataa, una mwezi mwingine wa kwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo haliko chini ya ofisi iliyokukata. Usiliogope. Watu wengi huishia kwenye hatua ya kwanza, wakisikia "hapana" wanakunja karatasi.

Kuhusu deni: asilimia 14 ya pauni 140 ni pauni 19.60 kwa wiki, karibu 85 kwa mwezi. Mwandikie mwenye nyumba leo kwamba uamuzi unapingwa, umtumie nakala ya ombi lako, umwombe asimamishe hatua za mahakama mpaka jibu litoke. Kiasi kingine chote cha kodi kiendelee kulipwa bila kukosa, ili deni likisomwa ionekane wazi limetokana na nini. Na kaunsili ina fungu la hiari la kuwasaidia wanaopungukiwa kodi. Kwa England, tangu Aprili 2026, fungu hilo liko ndani ya mfuko unaoitwa Crisis and Resilience Fund. Omba huku madai yako makubwa yakiendelea. Moja halizuii jingine.

Kuhama usihame. Pesa za umma zilikwenda kwenye bafu lile. Mkihama, italazimu bafu jingine livunjwe na lijengwe kwingine, ili serikali iokoe pauni 85 kwa mwezi. Nilikaa kwenye dawati lile na hesabu hiyo sikuwahi kuielewa, na bado siielewi.

*

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, nalea peke yangu, niko Midlands. Wa kiume ana miaka 8, ana selimundu. Wa kike ana miaka 6. Nimepanga kwa mtu binafsi kinyumba cha vyumba vitatu, cha tatu ni kidogo, ndimo anamolala kijana. Kodi ni pauni 1,000 kwa mwezi, Universal Credit wananipa 725 za nyumba. Wanasema nastahili vyumba viwili tu kwa sababu watoto wako chini ya miaka 10. Zile 275 nazitoa kwenye chakula na umeme, na huyu mtoto baridi ni adui yake. Anapata DLA, ya matunzo kiwango cha kati. Mwenye nyumba kasema anapandisha tena. — Mama Selimundu*

Mwanangu, una shida mbili zilizofungwa pamoja. Tuzifungue.

Ya kwanza inarekebishika. Ni kweli kwamba watoto walio chini ya miaka 10 wanatazamiwa kulala pamoja hata kama ni wa kike na wa kiume, na wa jinsia moja hadi wafike 16. Lakini mtoto anayepata DLA ya matunzo ya kiwango cha kati au cha juu, na ambaye kwa hali yake haifai kulala na mwenzake, anahesabiwa chumba chake. Nalo lilipiganiwa: mwaka 2012 Mahakama ya Rufani iliamua kesi tatu kwa pamoja, mojawapo ya familia ya Gorry, ambayo mabinti wao wawili, wenye ulemavu tofauti, hawakuweza kulala chumba kimoja. Wewe umewaambia Universal Credit kwamba mtoto anapata DLA, na bila shaka wanakulipa nyongeza ya mtoto mlemavu. Lakini nakuhakikishia hakuna aliyekuuliza kuhusu usiku. Swali hilo haliulizwi mpaka ulianzishe wewe.

Basi liandike. Kijana akishikwa na maumivu usiku anafanya nini? Analia kwa muda gani? Nani anamkanda, nani anampa dawa, taa inawaka saa ngapi? Watoto wa selimundu wanatakiwa kunywa maji mengi, na wengi wanakojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Kama kwako ni hivyo, sema, hapo hakuna aibu. Na dada yake je? Mwalimu wake amewahi kukuambia anasinzia darasani? Hilo ni ushahidi, tena mzito, kwa sababu kanuni inauliza kama inafaa watoto hawa *wawili* walale pamoja, na usingizi wa dada ni nusu ya jibu. Nesi wa kliniki ya selimundu anajua kuandika barua hizi, mwombe. Omba wahesabu upya tangu DLA ilipoanza. Huenda wasikubali kurudi nyuma kote huko, lakini usipoomba hutapewa hata mwezi mmoja.

Ukishahesabiwa vyumba vitatu, kiwango chako kitakuwa cha vyumba vitatu cha eneo lako. Serikali imeviweka viwango vyote mtandaoni, unaandika postikodi yako unaviona. Angalia kabla hujaniandikia tena.

Shida ya pili ni kubwa kuliko mimi na wewe. Mpangaji wa mtu binafsi halipwi kodi yake halisi, analipwa kwa kiwango cha eneo. Kilipoanza nchi nzima mwaka 2008 kilikuwa kodi ya katikati, yaani nusu ya nyumba za eneo ungeweza kuzimudu. Mwaka 2011 kikashushwa: katika kila nyumba 10 kitoshe 3 tu za bei ya chini. Baadaye hata hizo 3 zikawa hadithi, maana viwango viligandishwa miaka mingi huku kodi zikipanda. Vilipandishwa Aprili 2024, kwa kufuata kodi za mpaka Septemba 2023, na tangu hapo vimegandishwa tena. Mwenye nyumba wako hajagandishwa. Kwa hiyo, hata ukishinda chumba cha tatu, pengo linaweza kubaki dogo, na hapo ndipo lile fungu la hiari la kaunsili linapokuhusu. Jambo moja la faraja: ile dari ya jumla ya benefiti, ambayo kwa familia za nje ya London ni pauni 22,020 kwa mwaka, haikuhusu wewe. Nyumba yenye mtoto wa DLA imesamehewa. Ukikatwa kwa jina hilo, paza sauti.

*

*Bi mkubwa, mimi nafanya kazi hospitali, zamu za usiku, sijawahi kuchukua hata senti ya serikali. Nasoma ukurasa wako naona unafundisha watu kung'ang'ania vyumba. Mwenye chumba cha ziada ahame, familia zenye watoto wengi zipate. Tungekuwa nyumbani nani angewalipia? — Mvuja jasho, Kaskazini*

Kaka yangu, kazi yako naiheshimu, na wagonjwa unaowalaza usiku wengine ndio hawa wanaoniandikia.

Hoja ya kwamba wapo waliobanana watano chumba kimoja ni ya kweli. Niliwaona kaunta kila wiki. Lakini makato haya yalipopangwa, wizara yenyewe ilikadiria kwamba yatagusa kaya zipatazo 660,000, na karibu theluthi mbili zina mtu mwenye ulemavu. Wastaafu wakasamehewa, ingawa ndio wengi wenye vyumba vitupu kwelikweli, watoto wakishaondoka. Na nyumba ndogo za kuhamia hazikuwapo. Nilikuwa na orodha ya flati za chumba kimoja mbele yangu, na nakuambia haikujaza ukurasa. Raquel Rolnik, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya makazi, alikuja mwaka 2013, akazungumza na wapangaji, akaitaka serikali iyasimamishe. Mawaziri wakamkasirikia. Huo ndio uliokuwa mjadala wenyewe.

Unauliza nyumbani nani angelipa. Unamjua. Angelipa dada mkubwa, ambaye angeacha kazi yake Tanga au Mombasa aje kulala sakafuni kwa mgonjwa, na wewe ungetuma pesa kila mwezi kutoka kwenye zamu zako za usiku. Na Universal Credit siku hizi wanaichukua hata wanaofanya kazi. Ulizia kwenye wodi yako.

*

*Binti yangu, salaam. Nina miaka 71, mke wangu 49. Niliendesha teksi mpaka miaka miwili iliyopita, kodi ya kaunsili nikilipa mwenyewe. Sasa kisukari kimenila miguu, mke ndiye anayenivalisha soksi na kunishika bafuni. Nyumba ni ya vyumba vitatu. Kijana wetu wa miaka 24 yupo nasi, anafanya kazi ghala. Binti ameolewa, chumba chake kimebaki. Wananikata chumba, halafu wananikata tena kwa ajili ya kijana. Jirani yangu ana 70, mkewe 68, vyumba vitatu vilevile, hakatwi kitu. Mstaafu si mstaafu? — Dereva mstaafu*

Shikamoo mzee wangu. Tangu tarehe 15 Mei 2019, wanandoa ambao mmoja amefika umri wa pensheni na mwingine bado, wakiomba upya, wanahesabiwa kwa umri wa mdogo. Mnawekwa Universal Credit kama watu wa umri wa kazi, na msamaha wa wastaafu unawapita. Jirani yako na mkewe wamevuka wote wawili. Wewe umeoa mdogo, na katika jamii yetu hauko peke yako. Nadhani waliotunga kanuni hii hawakutufikiria hata kidogo.

Chumba cha binti sina njia rahisi ya kukiokoa. Unaweza kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine mwenye vyumba viwili, kwa idhini ya kaunsili. Unaweza pia kumweka mpangaji ndani, labda mwanafunzi kutoka nyumbani: makato yatabaki, lakini Universal Credit haihesabu kodi anayokulipa kuwa kipato chako. Omba ruhusa ya kaunsili kwa maandishi kwanza.

Kwenye makato ya kijana, yaani yale ya mtu mzima mwingine anayeishi nanyi, ndiko kuna la kufanya. Yanazidi pauni 90 kwa mwezi, iwe analipwa vizuri ghalani au vibaya. Lakini yanafutwa kabisa ikiwa wewe unapata Attendance Allowance, posho ya mzee wa umri wa pensheni anayehitaji kuhudumiwa, na kwa mtu wa miaka 71 anayevalishwa soksi na kushikwa bafuni, mimi nashangaa hujaomba. Haiangalii akiba wala kipato, na Universal Credit haiihesabu. Kinachoangaliwa ni kwamba umehitaji msaada huo kwa miezi sita. Kwenye fomu usijikaze. Wazee wetu wakiulizwa "hali?" hujibu "Alhamdulillah, njema" hata wakiwa hawawezi kusimama. Andika siku mbaya ilivyo. Mkeo naye, kama anakuhudumia saa 35 kwa wiki, aombe nyongeza ya mtunzaji.

*

*Dada, nina miaka 28, macho yangu yanaona kidogo sana, napata PIP ya shughuli za kila siku. Nimepanga studio. Wananilipa kiwango cha mtu anayeshirikiana nyumba, eti kwa sababu sijafika 35. Ndiyo hivyo?*

Hapana, mdogo wangu. Kanuni ya walio chini ya miaka 35 ipo, tangu Januari 2012 ilipopandishwa kutoka 25, lakini mwenye PIP ya shughuli za kila siku amesamehewa. Waambie kwa maandishi leo, utaje tarehe PIP yako ilipoanza, udai kiwango cha chumba kimoja na tofauti yote ya nyuma.

*

*Dada yangu, nina miaka 46, naishi peke yangu, flati ya kaunsili ya vyumba viwili, England. Figo zimekufa. Nasafishwa damu nyumbani usiku kwa mashine, mrija tumboni, kila usiku. Maji ya dawa yanaletwa kwa lori kila mwezi, maboksi yanajaa chumba cha pili mpaka dirishani. (Zamani nilibeba maboksi kwa mshahara, sasa nabeba ya kwangu.) Wanangu wawili wanakuja kila Ijumaa hadi Jumapili, wanalala sebuleni kwa sababu ya hayo maboksi. PIP napata sehemu zote mbili. Nakatwa asilimia 14. Nimeambiwa chumba cha stoo si chumba cha kulala. Dada yangu wa tumbo moja huja kulala siku ambazo nimezidiwa, naye anasema nikuandikie. — Mtu wa Mashine*

Kaka yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, nitakuambia ubaya kwanza.

Maboksi hayakupi chumba. Kanuni inahesabu watu wanaolala, na vifaa vya tiba, hata vikijaza chumba hadi dirishani, havimo. Kwenye ile kesi ya 2016 walikuwamo pia watu waliohitaji nafasi ya vifaa, na hao hawakushinda. Watoto wa wikendi nao hawahesabiki: chumba chao kinahesabiwa kwa mzazi wanayekaa naye siku zote. Baba wengi walikuja kaunta na swali hilo, na wengi waliondoka wakiwa wamekasirika, kwa haki. Ungekuwa Glasgow jambo hili lisingekusumbua, kwa sababu serikali ya Scotland inazifidia pesa zinazokatwa hivi. England hakuna hilo, kuna lile fungu la hiari la kaunsili, na kwa hali yako nakuomba ulidai kwa nguvu: picha ya maboksi, karatasi ya yule anayeyaleta yenye idadi, barua ya kliniki ya figo kwamba tiba hii haiwezi kufanyika bila akiba ya mwezi. Eleza pia kwamba flati ya chumba kimoja ingekulazimisha ulale katikati ya maboksi, na kwamba chumba chenye mrija kinatakiwa kiwe safi. Fungu hilo hutolewa kwa muda, kwa hiyo weka kumbukumbu ya siku litakapokwisha, uombe tena kabla.

Sasa rudi kwenye mstari wako wa mwisho, ulioutaja kana kwamba ni salamu. Dada yako anakuja kulala. Anakuja mara ngapi?

Nauliza kwa sababu kanuni inampa chumba mhudumu wa usiku asiyeishi na wewe, mradi unapata PIP ya shughuli za kila siku, nawe unaipata. Si lazima awe mwajiriwa. Ndugu anafaa. Si lazima aje kila usiku pia; inatakiwa awe anakuja mara kwa mara kwa sababu unahitaji kuhudumiwa usiku. Kama ni mara moja kwa miezi mitatu, hutapata kitu. Kama ni usiku mmoja au miwili karibu kila wiki, una hoja ya kusimama nayo mbele ya baraza la rufaa.

Mkae naye mrudi nyuma kwenye simu zenu. Zile jumbe za "niko kituoni, fungua mlango" zina tarehe. Ziandikeni kwenye kalenda, na mbele ya kila tarehe aandike alifanya nini usiku ule: mashine ililia saa tisa akaizima na kuunganisha upya, ulitapika, mguu ulikaza, alikupima presha. Usiku ambao hakuja msiuongeze, kwa sababu wakikuta mmoja wa uongo wataitupa kalenda nzima. Na yeye aandike barua yake mwenyewe, fupi, kwamba ana kwake na anakuja kwako kukuhudumia, atie sahihi.

Alalapo je? Kama sebuleni, sogezeni maboksi kwenye ukumbi na sebuleni kadiri kliniki itakavyoruhusu, ateremshiwe godoro kwenye chumba cha pili, kisha ndipo upige picha na kuomba uamuzi urudiwe.